Aliyevushwa Ndani ya Buti ya Gari: Tunamsikiliza Geoffrey Oryema Tukiwa Busia na Tororo

Mwaka 1977 kijana mmoja wa Uganda, miaka 24, alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amejikunja ndani ya buti ya gari. Miaka kumi na tatu baadaye, mwaka 1990, alitoa albamu aliyoipa jina Exile, yaani uhamishoni. Jina lake ni Geoffrey Oryema.

Sisi tunaoandika hapa tumepanga vyumba kando ya mpaka huo huo. Wengine tuko Busia upande wa Kenya, wengine Busia ya Uganda, wachache Tororo mjini na Malaba. Tumetoka Kongo, Sudan Kusini, Burundi, Somalia. Wiki mbili hizi tumekuwa tukiisikiliza hiyo albamu kwa simu, bando la mmoja likiisha mwingine anawasha hotspoti. Tumeona tuandike juu yake kwa sababu moja. Watu wakisikia maneno "mwanamuziki mkimbizi" wanakaa tayari kwa machozi, hawakai tayari kusikiliza muziki. Oryema alikuwa fundi jamani. Na historia iliyomtupa nje ya nchi yake, sehemu yake ilitoka Tororo hapa hapa, nyumbani kwa Wapadhola.

Tuanze na mpaka wenyewe. Kuna vijana hapa wanaodhani mpaka uliumbwa na Mungu siku moja na mwamba wa Tororo. Wapi! Kabla ya 1902, nchi hii yote, kwenda mbele hadi huko Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza walikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaupeleka upande ambao leo tunauita Kenya. Hakuna aliyeulizwa. Wasamia wakabaki huku na huku, Wateso vilevile. Shangazi yuko nchi moja, shamba la babu liko nchi nyingine. Watu wakaendelea kuvuka tu kama zamani, ndiyo maana hata boda boda ilizaliwa huku: vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka na kingine, wakiita "boda, boda". Leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki yote na wengi hawajui kwamba ni la Busia.

Miaka ya 1970 kuvuka kulibadilika sura. Idi Amin alichukua serikali Januari 1971. Mwaka uliofuata akafukuza Waasia, maduka yakagawiwa watu wasiojua kuyaendesha, sukari na sabuni vikapotea. Halafu mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni huko Brazil, bei ya kahawa duniani ikaruka, na kahawa ya Uganda ikaanza kutembea usiku kwenda Kenya. Magendo. Wazee wa pande hizi bado wanaitaja Chepkube, soko lililochangamka ghafla kule karibu na Mlima Elgon kwa ajili ya hiyo kahawa. Kwa hiyo buti ya gari miaka ile ilikuwa imezoea kubeba siri. Na mwaka 1977 wenyewe ulikuwa mbaya kwa kila mpaka wa eneo hili: Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

Sasa kwa nini Geoffrey alikuwa ndani ya buti?

Baba yake alikuwa Erinayo Wilson Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa polisi wa Uganda, kisha waziri katika serikali ya Amin. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa Kampala pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, na waziri wa mambo ya ndani, Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake redio ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Watu hawakuamini siku ile na hawaamini leo. Tarehe 16 Februari sasa ni sikukuu ya taifa Uganda, siku ya Janani Luwum, shule na ofisi zinafungwa. Wale mawaziri wawili hutajwa kwa haraka, kama wametajwa kabisa.

Na huyo Oboth-Ofumbi ni mtu wa Tororo, Mpadhola. Kabla ya uwaziri alikuwa mwandishi. Mwaka 1960 kitabu chake kiitwacho Padhola kilitoka Nairobi, kikieleza asili na desturi za watu wake, na wanahistoria waliomfuata, akiwemo Bethwell Ogot wa Kenya, walikitumia kazini. Tunalisema hili kwa vijana wa Tororo wanaoandika nasi: mtu wenu alikuwa anaandika historia ya kwenu wakati ambapo wengi walidhani historia ni ya wazungu. Jina lake na jina la baba wa mwanamuziki tunayemsikiliza yaliingia katika tangazo moja la redio.

Mtoto wa waziri aliyeuawa hivyo hangeweza kukaa. Akavushwa, akapita Kenya, akafika Ufaransa, akaanza kuishi huko.

Haya, muziki. Geoffrey alizaliwa Soroti mwaka 1953, lakini kwao ni Anaka, Acholi, ambayo sasa iko wilaya ya Nwoya. Nyumba yao ilikuwa ya sanaa. Baba, pamoja na ukubwa wake wa polisi, alikuwa mpigaji wa nanga na alimfundisha mwanawe. Mama aliongoza kikundi cha ngoma cha taifa kilichoitwa Heartbeat of Africa. Kijana mwenyewe alisomea maigizo Kampala, akaanzisha kikundi cha michezo ya jukwaani. Kwa hiyo aliyejikunja kwenye ile buti alikuwa msanii tayari. Ukimbizi haukumfanya msanii. Hili tunalikazia kwa sababu tunachoka kusikia mtu akituambia kwamba mateso yametupa vipaji. Vipaji tulikuwa navyo, mateso yametula muda.

Nanga ya Kiacholi ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, juu yake nyuzi saba. Lukeme ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba vilivyobapwa, unavibonyeza kwa vidole gumba. Wenzetu wa Kongo wanakijua kwa majina mengine, likembe kwa mfano, na kwa kweli ni ndugu wa karibu sana. Ukiviona mezani unaweza kuvidharau. Nyuzi saba tu? Vyuma kumi na kitu tu? Lakini sikia kinachofanyika. Kidole gumba cha kulia kinapiga nafasi zake, cha kushoto kinapiga katikati ya zile nafasi, na sikio lako linashindwa kutenganisha. Linasikia wimbo wa tatu ambao hakuna kidole kinachoupiga peke yake. Huo wimbo wa tatu uko kichwani mwa msikilizaji. Tuliwauliza mafundi wa mikeka sokoni Busia kama wanaelewa tunachosema, wakacheka: hata mkeka ni hivyo, rangi mbili zinapita, jicho linaona ua.

Upande wa Kenya, wapigaji nyatiti wa Kijaluo wanafanya jambo la jamii hiyo na kuongeza. Nyuzi nane mikononi. Kwenye kidole gumba cha mguu kuna pete ya chuma inayogonga ubao wa chombo chenyewe. Mguuni kuna njuga. Halafu mtu huyo mmoja anaimba, na sauti yake haifuati pete wala nyuzi, inaingia pale inapotaka, ikijua itakutana nazo mbele. Ukijaribu kuhesabu moja mbili tatu nne utapotea. Cheza mwili tu, mwili unajua.

Sasa chukua elimu hiyo uipeleke Uingereza mwaka 1990. Exile ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel iliyokuwa changa bado, na mtayarishaji wake alikuwa Brian Eno, yule yule aliyefanya kazi na U2. Mtu angeogopa kwamba vinanda vya Eno vingemeza nanga. Havikumeza. Nyimbo za Kiacholi kama "Piny Runa Woko" na "Lacan" zimeachwa na nafasi kubwa ndani yake. Kipande kifupi kinazunguka, kinarudi, kinarudi tena, na sauti ya Oryema inashuka kutoka juu kabisa, nyembamba kama ya mtoto, mpaka chini kifuani. Sisi wa siku hizi tumezoea wimbo ambao kila sekunde nane lazima kitokee kitu kipya la sivyo mtu anasukuma kidole kwenye skrini. Hapa hakitokei kitu. Yaani unadhani hakitokei. Mara ya tatu ukirudia ndipo unagundua kwamba kile kipande kinachozunguka hakianzi pale ulipodhani kinaanza. Sauti ndiyo imekudanganya. Kuna mwenzetu amesikiliza "Ye Ye Ye" mara nyingi kuliko sote na bado anabishana nasi wapi ndipo mwanzo. Wimbo huo ulikuja kuwa wa kufungulia kipindi cha usiku cha televisheni ya Ufaransa, Le Cercle de minuit, kwa hiyo Wafaransa wa umri fulani wanaujua bila kujua jina la aliyeuimba wala alivyotoka kwao.

Tumejaribu kusikiliza kwa lugha pia. Kikundi chetu kina bahati. Mmoja wetu ni Mwacholi wa Magwi, Sudan Kusini, kwa hiyo alikuwa anatutafsiria. Wajaluo tunaoishi nao na Wapadhola wa Tororo waliokaa nasi walikuwa wanashika neno hapa, neno pale, maana lugha hizi ni za ukoo mmoja. "Nyako" ni msichana kwa Mwacholi na kwa Mjaluo wa Kisumu. Mpaka wa 1902 haukukata hilo. Na sisi wa Kongo tulipoona wimbo unaitwa "Makambo" tulipiga kelele, kwa sababu kwa Kilingala hayo ni mambo, matatizo, kila siku tunayo mdomoni. Albamu moja, na kila mtu chumbani alipata mlango wake wa kuingilia. Wasomali wetu ndio walikosa neno, lakini wakasema filimbi inawatosha.

"Land of Anaka" ndio wimbo unaojulikana zaidi, na ndio uliotugawanya. Ni wa Kiingereza. Baadhi yetu tulisema: huyu anaimba nyumbani kwao kwa lugha ambayo bibi yake wa Anaka asingeielewa, kwa hiyo anawaimbia watu wa nje. Wengine wakajibu kwamba mtu aliyeko mbali anaongea na walioko mbele yake, na alichofanya ni kulipanda jina la kijiji kimoja kwenye masikio ya dunia. Ubishi haukuisha. Sisi tulio wengi tunaegemea upande wa pili, kwa sababu hii: sikiliza anavyolitamka "Anaka". Maneno ya Kiingereza anayapitia kawaida, akifika kwenye jina anakaa. Analivuta. Ukiwa na kijiji unachokitamka hivyo, kama Fizi, kama Yei, utamuelewa bila kamusi.

Na hapa historia ina ukatili wake. Wakati wimbo huo unazunguka duniani, Anaka yenyewe ilikuwa inaingia kwenye moto. Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army na serikali viliendelea karibu miaka ishirini kaskazini mwa Uganda, na kutoka katikati ya miaka ya 1990 watu wa vijijini walisukumwa wakae kambini. Anaka ikawa kambi. Watu wa nchi ile ya wimbo wakawa wakimbizi wa ndani, wakipanga foleni ya chakula kilomita chache kutoka mashamba yao wenyewe. Aliyekuwa Ufaransa na waliobaki, wote walikuwa hawako nyumbani.

Hakuwa peke yake aliyepita njia hii ya Kenya. Samite Mulondo, mpiga filimbi na kalimba wa Kampala, alikimbilia Kenya mwaka 1982, wakati wa serikali ya pili ya Obote. Nairobi alipiga na African Heritage Band, kikundi ambacho kilikuwa kinalea watu waliochanganya vyombo vya kienyeji na vya kisasa. Ayub Ogada, yule wa nyatiti aliyeimba "Kothbiro", naye alitokea humo humo. Samite alihamia Marekani mwaka 1987 na baadaye akaanzisha shirika la kupeleka muziki kwa watu walioumizwa na vita. Tunamtaja kwa ufupi ingawa anastahili makala yake. Kwa nyinyi watu wa mashirika mnaotusoma: huyu alijua pande zote mbili, ya kuwa mkimbizi na ya kwenda kwa wakimbizi na chombo mkononi, na alichowapelekea kwanza ni muziki, kabla ya daftari la maswali.

Maana na hilo tulitaka tuliseme, kwa heshima. Kila mwaka tunaulizwa kutoa "simulizi". Kipindi cha dakika tatu, uanze na ulichopoteza, umalizie na shukrani. Tunaelewa kwamba wafadhili wanahitaji. Lakini kijana wetu mmoja anayetengeneza midundo kwa simu, kwa programu ya bure, alipoombwa aeleze kazi yake mbele ya wageni aliulizwa maswali kumi kuhusu safari yake na hakuna hata moja kuhusu mdundo. Alikuwa amekaa siku nne akilinganisha ngoma mbili zisigongane. Hakuna aliyeuliza. Angalau kwenye ukurasa huu mtu akileta wimbo tutauliza kwanza umeufanyaje.

Rafiki yetu anayefanya kazi na shirika moja hapa, mwenye asili ya India Kusini, alitusikia tukiongea haya akatutumia wimbo wa Kitamil wa 2021, "Enjoy Enjaami", wa Arivu na Dhee, uliotayarishwa na Santhosh Narayanan. Ulitoka kwa Maajja, jukwaa la wasanii wa kujitegemea, nje ya filamu, jambo ambalo kwa muziki wa Kitamil si dogo kwa sababu huko filamu ndiyo inabeba karibu kila wimbo mkubwa. Mara ya kwanza sisi tulicheza tu, unachezeka kweli. Akatuambia tusikilize tena. Ndani ya ule mdundo wa kisasa kuna oppari, maombolezo ya wanawake wa Kitamil msibani. Na hadithi yake ni ya bibi yake Arivu, wa ukoo wa watu waliopelekwa Sri Lanka kuchuma chai wakaja kurudishwa India bila ardhi. Kilio na dansi vimefumwa pamoja mpaka huwezi kuvuta uzi mmoja ukauacha mwingine. Tukaangaliana. Ndio ule ule wimbo wa tatu wa lukeme, umetengenezwa upande wa pili wa bahari na watu ambao hawajawahi kusikia neno Anaka.

Oryema alitoa albamu ya pili mwaka 1993, akaiita Beat the Border. Ishinde boda, tungeitafsiri hapa mtaani. Humo kuna wimbo "Umoja", na mwingine "Market Day" ambao sisi wa Busia tunaudai kabisa kuwa wetu, siku ya soko inajulikana. Ni albamu yenye ngoma na gitaa nyingi zaidi. Wengine wetu tunaipenda kuliko Exile, ingawa ule utulivu umepungua. Aliendelea kutoa kazi miaka mingi, na Uganda redio hazikumcheza sana. Muulize kijana wa Kampala leo, atakutajia wasanii hamsini kabla ya kumfikia.

Alirudi Uganda Desemba 2016. Karibu miaka arobaini tangu ile buti. Alifanya onyesho Kampala, akiwa na miaka 63, mbele ya watu ambao wengi hawakuwa wamezaliwa alipoondoka.

Tarehe 24 Februari 2018, marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walifungua kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia. Sasa ukitoka nchi moja unagongewa muhuri kwenye jengo moja la nchi unayoingia, basi, umepita. Kwa mwenye hati, lakini. Sisi wenye karatasi za ukimbizi bado tunajua foleni nyingine, na kila mmoja wetu ana hesabu yake ya siku tangu alipovuka. Kuna wenye miaka mitatu, kuna wenye kumi na tisa. Juni mwaka huo huo wa 2018 Geoffrey Oryema alifariki Ufaransa, akiwa na miaka 65.

Jumamosi saa tisa tunakutana Tororo, pale pale tunapokutana siku zote, kusikiliza Beat the Border kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka. Kuna mzee Mpadhola ameahidi kuja na tongoli yake, zeze la huku, atuonyeshe mikono inavyopishana. Anayejua mtu wa lukeme aje naye. Spika ipo, ila mwenye chaja ya tundu la zamani atusaidie.